Mtita wa Mpogoaji

Penina Chigwile alimkuta wifi yake Tabea amepiga magoti chini ya mzabibu, akilikwangua tawi kwa ukucha kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Mbukwa, wifi," Penina alimsalimu.

"Mbukwa. Karibu msibani."

Penina akainama naye. Tawi lilikuwa limepogolewa vizuri, macho mawili ya kuchipulia yameachwa kila kikonyo, kama ifanywavyo Dodoma nzima. Chini ya ganda palikuwa na ukijani bado, lakini ukijani wa kuchoka. Macho yenyewe yalikuwa madogo na makavu kama punje za kunde za mwaka jana. Mzabibu wa kawaida ukishapogolewa huanza kuchipua kabla mgongo wa mpogoaji haujaacha kuuma. Huu ulikuwa umelala tangu mwezi uliopita, huu na yote ya kijiji cha Chilewa.

"Haujafa," alisema Penina.

"Wewe ndiye mkuu wa mizabibu pale kwa Jogoo. Niambie basi, utakufa lini?"

"Macho yakikaa mno bila kuamshwa hukauka. Labda tuna wiki mbili. Baada ya hapo hata wakiileta Pumzi haitasaidia kitu. Itabidi kung'oa."

Tabea akasimama, akajipangusa magoti, akakiangalia kijinara cha bati kilichosimama katikati ya shamba lake. Kilikuwa na kimo cha mtu, na kifuani kimechorwa jogoo mwekundu aliyepanua mdomo, alama ya Shamba la Jogoo. Akakipiga teke, si kwa nguvu sana, kwa kuwa alikuwa amevaa ndala.

"Jogoo gani huyu asiyewika?"

Penina alikizunguka kijinara, akakikagua. Lililomchoma zaidi ni kwamba kijinara kilikuwa kizima kabisa.

Nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe theluji ikija, ukaamka wenyewe jua likirudi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Hapa mzabibu haujui kalenda nyingine ila mkasi: ukiupogoa leo, umeuambia mwaka umeanza leo. Ndiyo maana watu wa huku huvuna mara mbili kwa mwaka. Na kwa kuwa Chilewa walipogoa kwa kusaidiana, shamba kwa shamba, wote walivuna kwa mkupuo mmoja. Malori yakapanga foleni kiwandani, na zabibu zilizokosa nafasi zikaozea kwenye matenga. Nzi walishiba kuliko wakulima.

Ndipo Shamba la Jogoo likaja na Mtii. Ulikuwa mzabibu mwekundu uleule wa zamani, lakini umepitia maabara, na ukipogolewa haukuchipua mpaka uamriwe. Amri yenyewe ilikuwa mvuke mwepesi uliotoka kwenye vijinara, unaonuka kama majani ya kunde yaliyofikichwa. Waliuita Pumzi. Leo inawashwa kwa Tabea, wiki ijayo kwa jirani yake, na zabibu zinaingia kiwandani kwa zamu bila kuoza hata tenga moja. Watu walishukuru, na haki yao kushukuru, maana jambo lilikuwa jema.

Wema ule ulidumu mpaka Chilewa walipounda ushirika, wakajenga kinu chao cha kukamulia, na mvinyo wao ukaanza kuulizwa mjini. Hapo Shamba la Jogoo likamtuma kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuja kuwaeleza kwamba minara ya kijijini iko kwenye matengenezo, na matengenezo yatakwisha pale kinu kitakapofungwa. Matengenezo! Minara yote ya Chilewa iliugua siku moja, na ya shamba lenyewe haikupiga hata chafya.

"Wifi, njoo ule," alisema Tabea. "Kuna ugali wa uwele na mlenda. Au wakubwa wa Jogoo siku hizi mlenda unawateleza?"

Penina akacheka kwa kulazimika, akala.

*

Shamba la Jogoo lilikuwa na amri moja ambayo Penina hakuwahi kuihoji: kila tawi linalokatwa, shambani na vijijini, lisagwe na kuchomwa siku hiyohiyo. Sababu waliyopewa ilikuwa ukungu. Ukungu, walisema, husafiri na matawi, na asiyeyachoma anawaangamiza wenzake.

Amri hiyo ndiyo iliyoua mtita. Zamani, tena zamani ya juzi tu, mtu akija kukusaidia kupogoa hukumlipa. Jioni alifunga matawi aliyoyakata kwa kamba, akajitwika, akaenda kupanda kwake. Huo ndio ulikuwa mtita wa mpogoaji. Kumnyima ilikuwa sawa na kumfukuza mgeni akiwa amekwisha kunawa mikono. Mzee Luhende, baba wa mkurugenzi wa sasa, alifika Chilewa hana hata mche mmoja. Alipogoa kutwa nzima kwa baba yake Penina, akaondoka na mtita begani. Mtita huo ndio uliozaa Shamba la Jogoo, na kutoka kwenye mizabibu hiyohiyo ndipo maabara ilipoutoa Mtii. Kila mtu Chilewa alikijua kisa hicho, na walikisimulia kwa fahari, kama watu wanaosimulia harusi waliyoipikia.

Wiki hiyo mashine ya kusaga matawi iliharibika. Matawi yaliyotoka kupunguzwa kwenye Kitalu cha Saba yakarundikwa pembeni, karibu na mistari ya majaribio ambayo Penina aliipogoa na kuiacha ilale, ikisubiri zamu yake ya Pumzi. Fundi aliahidi kuja kesho. Fundi akija kesho, ujue ni fundi kweli. Huyu alikuja baada ya siku kadhaa.

Penina alipopita pale asubuhi, alisimama ghafla. Mstari uliopakana na rundo ulikuwa umeamka. Macho yamevimba na kupasuka, na ndani yake manyoya ya waridi yamechungulia. Mstari wa pili ulikuwa umeamka nusu. Wa tatu ulikuwa umelala fofofo.

Akaangalia mnara. Ulikuwa umezimwa, na yeye mwenyewe ndiye mwenye ufunguo wake. Akasogea kwenye rundo, akainua tawi moja. Pale lilipokatwa palikuwa bado panatoa maji, matone mepesi, yale ambayo wapogoaji huyaita machozi ya mzabibu. Akalinusa. Majani ya kunde yaliyofikichwa.

Hakutaka kuamini kwa pua peke yake. Alichukua mizabibu miwili iliyolala kwenye ndoo, akaitenga nyuma ya ghala, kila mmoja upande wake. Kwenye mmoja akafunga tawi bichi la Kitalu cha Saba, akaufunika kwa gunia. Mwingine akaufunika bila kitu. Siku tatu baadaye alifunua magunia. Wa kwanza ulikuwa umeamka, wa pili umelala vilevile.

Penina alikaa chini juu ya ndoo tupu. Kumbe Mtii ulioamka, ukikatwa, hutoa Pumzi wenyewe. Kumbe kila mtita ulikuwa ufunguo. Kama desturi ingeachwa iendelee, mkulima wa Chilewa angemwomba jirani yake mtita mbichi, aufunge shambani, na asimhitaji Jogoo awike wala asiwike. Basi mtita ukauawa, na watu wakaambiwa ni ukungu. Hasira ilimpanda taratibu kama maziwa yanayotaka kufurika, na hakuwa na mpango wa kuepua sufuria.

*

Mkurugenzi, Bwana Luhende, alimpokea Penina kwenye chumba cha kuonjea, mbele ya glasi tatu za Kitalu cha Saba cha mwaka jana. Alikuwa mtu mpole wa sauti, anayewaulizia watu watoto wao kwa majina.

"Bi Penina, umekuja wakati mzuri. Onja. Mwaka huu kitalu chako kitashinda hiki. Nimekwisha agiza lebo, na itaandikwa jina la mama yako, kama nilivyokuahidi. Yustina. Jina zuri la mvinyo."

Penina hakuigusa glasi. Miaka sita alikuwa amekilea Kitalu cha Saba, amekipogoa kwa mkono wake, amepunguza vichala ili vilivyobaki viive kwa utamu. Mama yake alifariki bila kuonja hata tone. Bado majuma matatu tu, zabibu zile zingekuwa tayari.

"Mkurugenzi, ukungu uko wapi?"

"Ukungu upi?"

"Unaotufanya tuchome matawi."

Bwana Luhende alimtazama, kisha akaishusha glasi yake polepole.

"Nani amekwambia?"

"Mizabibu imeniambia. Mlijua?"

"Tangu mwanzo," alisema, na hata hakuinamisha uso. "Ilibidi tuseme kitu, dada yangu. Ungetaka tuseme nini?"

"Ukweli!"

"Ukweli ungeleta fujo. Kaa, tafadhali. Kila mtu akiamsha shamba lake anapotaka, tunarudi kulekule, foleni za malori, zabibu zinaoza. Umesahau? Wewe ulikuwa binti mdogo, ukifukuza nzi kwenye matenga ya baba yako. Lazima pawe na mmoja wa kupanga zamu."

Hoja ilikuwa na uzito, na ndiyo iliyozidi kumuudhi Penina. Mwongo mtupu unamjibu na kuondoka. Huyu alikuwa amechukua jambo la kweli akalifanya fimbo.

"Zamu gani?" aliuliza. "Chilewa hamjawapangia zamu. Mmewanyima. Mizabibu inakauka ardhini kwa sababu wamejenga kinu."

"Wafunge kinu, kesho asubuhi waletewe Pumzi. Liko mikononi mwao."

"Liko shingoni mwao!"

Bwana Luhende akaanza kuzungusha shina la glasi yake kwa vidole viwili.

"Uliapa kutunza siri za shamba. Ulitia saini. Na Kitalu cha Saba ni chako wewe, nilikupa ukiendeshe utakavyo, kwa sababu nakuamini. Usinifanye nijute." Akaisukuma glasi kwake. "Onja, Bi Penina. Ni mama yako huyu."

Penina alitoka, akaiacha glasi mezani imejaa. Hata mama yake alikuwa amegeuzwa hongo.

*

Aliyempinga kwa nguvu zaidi hakuwa mkurugenzi. Alikuwa Mama Ndayawo, kiongozi wa wachumaji, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona. Penina alimweleza siri ya matawi na nia yake ya kuyapeleka Chilewa, wakiwa wamesimama kwenye Kitalu cha Saba, vichala vimening'inia kila upande, vimeanza kugeuka rangi.

"Kwa hiyo uvikate hivi?" Mama Ndayawo alishika kichala kimoja kwa kiganja, kama anayepima kuku sokoni. "Vikiwa vichungu hivi?"

"Ndiyo mizabibu pekee iliyoamka yenye matawi ya kutosha. Vitalu vingine vimepogolewa juzi, na matawi yake yamechomwa. Nikingoja mavuno hapa, macho ya Chilewa yatakuwa yamekufa."

"Na sisi je? Wenzako wa Chilewa wana mizabibu. Mimi na wenzangu tuna vikapu tu. Kitalu hiki ndicho kazi yetu ya mwezi ujao. Unawaokoa ndugu zako kwa tumbo langu."

Penina alijua maneno yale yalikuwa ya haki kama yake mwenyewe. Alitamani awe na jibu safi, la kumfanya kila mtu aende nyumbani ameshiba, na halikuwepo.

"Ni kweli," alisema. "Utaumia, na sina cha kukufidia. Lakini wakishinda leo kwa Chilewa, nani atawazuia kesho? Kinu cha Chilewa kikifungwa, Jogoo ndiye atakayekuwa mwajiri wako pekee mpaka uzeeke."

"Hotuba nzuri. Hailiwi."

"Hailiwi, najua."

Mama Ndayawo alikiachia kichala, akaenda zake bila kuaga. Penina alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya ghala, na roho ilimuuma. Kisha akatuma neno Chilewa kwa ulimi wa kizamani, ule ambao haukusikika tangu mtita upigwe marufuku: Penina binti Chigwile anapogoa kesho, anaomba mikono.

*

Walikuja jua likichomoza. Wanaume walikuja na mikasi ya kupogolea, wanawake na kamba za katani viunoni, na Tabea mbele yao wote, kajifunga khanga kama anayekwenda ugomvini. Walinzi wa lango waliuliza wanakwenda wapi. Penina akawajibu kwamba kitalu ni chake kukiendesha atakavyo, na ameita wapogoaji. Halikuwa neno la uongo hata moja, wakapisha.

Kichala cha kwanza alikikata yeye mwenyewe. Alitaka mkono wake uanze, asije akamlaumu mwingine baadaye. Kilianguka chini kikatoa mlio mdogo, zabibu zikabingirika kwenye vumbi. Miaka sita. Akakata kingine, na kingine, machozi yakimtoka waziwazi, wala hakujishughulisha kuyafuta.

"Wifi, pole," alisema Tabea kwa upole usio wake.

"Kata. Usinihurumie, kata."

Walikuwa wamefika katikati ya kitalu Mama Ndayawo alipotokea na wachumaji wake. Mikasi ikasimama. Akapita kati ya mistari akikanyaga zabibu, akasimama mbele ya Penina, akanyoosha mkono.

"Nipe mkasi."

"Mama Ndayawo..."

"Sijakusamehe. Nina kashamba ka mtama ambako hakanipi kitu. Mpogoaji ana mtita wake, sivyo? Au desturi yenu ni ya ndugu tu?"

"Ni ya kila anayepogoa," alisema Penina.

"Basi nipe mkasi, tena usinipe ulio butu."

Jua lilikuwa limepanda Bwana Luhende alipofika. Gari lake lilisimama mwisho wa kitalu, akashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Penina amjue, upole ulikuwa umemtoka. Mbele yake mizabibu ilikuwa imebaki vigogo. Ardhi ilikuwa nyekundu kwa zabibu zilizopondeka, na watu walikuwa wakifunga mitita, wanawake wakisaidiana kutwishana.

"Wekeni chini!" alipaza sauti. "Hiyo ni mali ya shamba! Mnaiba, mnasikia? Huu ni wizi wa mchana!"

Hakuna aliyeweka chini. Hakuna aliyeondoka pia. Wote walimgeukia Penina, kwa kuwa ndiye aliyewaita.

Mkuki kwa nguruwe, Penina aliwaza. Alimfuata mpaka akawa karibu naye kiasi cha kunusa sabuni yake.

"Mkurugenzi, baba yako alipogoa kwa baba yangu. Alikuwa mgeni, hana kitu. Jioni akajitwika mtita, na baba yangu ndiye aliyemshikia kamba akifunga. Hakuna aliyemkimbilia kumwita mwizi."

"Hayo ni ya wazee. Leo kuna sheria."

"Vizuri, twende kwenye sheria. Kama mtita huu ni wizi, na ule wa baba yako ulikuwa wizi, na shamba hili lote limeota kwenye mali ya wizi. Kama ule wa baba yako ulikuwa halali, na huu ni halali. Chagua mmoja, mkurugenzi, tukasimame nao mbele ya hakimu. Mimi nitakubali wowote utakaouchagua."

Kati ya watu mmoja akaguna. Tabea, ambaye hakujaliwa kunyamaza, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Asante ya punda mateke. Huyu shamba amerithi, mateke ni yake mwenyewe."

"Umefukuzwa kazi," alisema Bwana Luhende hatimaye, akimwangalia Penina peke yake. "Kitambulisho. Funguo. Na siri uliyoitoa utaijibia."

"Nitaijibia. Na wewe utaujibia ukungu."

Alimkabidhi kitambulisho, akamkabidhi funguo za minara ya shambani, zikalia kidogo kwenye kiganja chake. Kisha akainama, akakusanya matawi aliyoyakata mwenyewe, akayafunga kwa kamba aliyopewa na Tabea. Machozi ya mzabibu yalimdondokea shingoni alipojitwika. Akatoka langoni pamoja na wengine, mpogoaji miongoni mwa wapogoaji, na walinzi hawakuuliza amebeba nini.

Jioni ile Chilewa nzima ilinuka majani ya kunde. Watu walifunga matawi shamba kwa shamba, wakabishana kwa makelele nani aamshe lini ili zabibu zisije zikaozea kinuni, na ubishi huo ulikuwa mzito kiasi kwamba mara mbili ilibidi watenganishwe. Penina alimsaidia wifi yake mpaka mstari wa mwisho. Tabea alibakiwa na tawi moja mkononi. Akakitazama kijinara cha bati na jogoo wake mwekundu aliyepanua mdomo bila sauti, akalifunga tawi lile shingoni mwa kijinara, akakaza fundo.

"Liwike lisiwike," alisema, "kutakucha."